Drili ya Kutundikia Pazia

Mume wa dada yangu anajua kila kitu. Usibishe! Muulize mwenyewe, atakuthibitishia. Tunamwita Injinia, ingawa kazi yake ni karani wa bima. Cheo hicho alijitunuku siku alipobadilisha balbu ya sebuleni na ikawaka. Tangu hapo hakuna fundi aliyekanyaga nyumba ile. Bomba likivuja, Injinia yupo. Bomba bado linavuja, na Injinia bado yupo.

Jumamosi ile mama yetu alikuwa anakuja kulala kwa dada kwa mara ya kwanza tangu dada aolewe. Miaka yote hufikia kwa dada mkubwa. Huyu mdogo alifurahi mpaka akafua mashuka ambayo hayajawahi kutumika! Tatizo lilikuwa dirisha la chumba cha wageni. Linatazama korido ya ghorofa, wanakopita wapangaji wote, na halikuwa na pazia. Mama alishasema kwenye simu: "Mimi sivui nguo mbele ya wapangaji. Nikikuta hakuna pazia, nageuza njia naenda kwa dada yako."

"Basi nimwite fundi atoboe matundu mawili tu," dada akasema.

"Fundi!" Injinia aliruka kama amekanyaga kaa la moto. "Mwenye nyumba nipo, unataka mwanamume mwingine aje kutoboa ukuta wangu? Shemeji, vaa viatu!"

Shemeji ndiye mimi. Nikavaa.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, dada muuzaji alituuliza vizuri tu, "Mnatoboa nini? Mbao, chuma au ukuta? Na ukuta wenyewe ni wa zege au wa tofali?"

Injinia akachukulia kama ametukanwa.

"Ukuta ni ukuta. Nionyeshe kubwa."

Masikini, yule dada hakukata tamaa. Akatoa drili ndogo ya betri, ya mbao na skrubu. Injinia akaitazama kama mtu aliyeletewa chai kwenye kifuniko cha chupa. Akatoa ya wastani, inayozunguka huku inagonga. "Hii kwa tofali na zege. Kwa pazia inatosha na kubaki." Injinia akapiga miayo.

"Na lile?" Kidole kilikuwa kinaonyesha dude limelala kwenye kona, zito, lina mikono miwili.

"Lile ni la kuvunjia sakafu, kaka. Kwani unatundika pazia au unatundika lori?"

"Dada, mwanamume hanunui kitu cha leo. Funga!"

Tukagawana mzigo kwa haki kabisa. Mimi nilibeba dude, yeye akabeba karatasi ya maelekezo, ambayo aliisahau kwenye teksi.

Nyumbani nikagonga ukuta kwa kidole. "Shemeji, mbona ukuta unalia kama debe tupu?"

"Ndiyo dalili ya ukuta mgumu," akanijibu. Mtu anapojua, anajua.

Mara simu ya dada ikalia. Mama ameshuka kwenye gari, yuko chini anapanda ngazi! Dada akalikumbatia pazia lake, macho yamemtoka. "Fanya haraka, mume wangu, nakuomba!"

Injinia akapanda kiti. Dude lilikuwa na kitufe cha kuchagua: kuzunguka, kuzunguka na kugonga, au kugonga peke yake. Akachagua kugonga peke yake, ati tuokoe muda.

Trrrrrrr! Sahani zikacheza jikoni, meno yakanicheza mdomoni. Alipozima, ukutani palikuwa na tundu la kupitisha papai zima.

"La kwanza tayari!" akatangaza.

"Basi! Acha!" dada akapiga kelele.

"Mke wangu, pazia haliningʼinii upande mmoja."

Trrrrrrr! Ukuta ulikuwa wa matofali yenye matundu ndani, yameshikwa na saruji ya kuhesabia punje. Tofali la kwanza likaaga. La pili likalifuata. Kisha fremu nzima ya dirisha, na vioo vyake, ikainama taratibu kama inasalimia, ikaangukia koridoni. Kwa bahati hapakuwa na mtu anayepita.

Vumbi lilipotulia, nje ya lile shimo alikuwa amesimama mama, begi mkononi. Akamtazama mkwe wake juu ya kiti, mweupe pe kuanzia nywele hadi soksi.

"Hodi," mama akasema. "Nipite hapa hapa, au mlango mmeuacha?"

"Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Shuka kwanza, usije ukavunja na kiti."

Dada akaangua kilio. Mama akaingia kwa mlango, akamfuta machozi kwa upindo wa nguo yake. "Nyamaza, mwanangu, siendi popote. Nikuache peke yako na huyu na lile dude lake? Tutalala wote chumbani kwenu. Mwenzio atalala huku kwa wageni."

Nikajitolea kuligongelea shuka lile shimo. "Asiguse mtu ukuta huo!" wakasema mama na dada kwa pamoja.

Asubuhi wapangaji wakaanza kupita. Injinia alikuwa kitandani, shuka mpaka kidevuni, maana nguo za vumbi dada alishaziloweka, na nyingine zote zilibaki chumbani kwa mama mkwe na nani angethubutu kubisha hodi? Watoto wa ghorofa nzima, wana adabu zao, wakapanga foleni mbele ya shimo.

"Shikamoo, Injinia!"

"Marahaba," likajibu shuka.