Pumzi ya Chumba cha Nne

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nafasi imetangazwa. Mwangalizi wa vyumba, mtu mmoja, atoke miongoni mwetu wasafishaji. Wasafishaji tuko wawili: mimi na Ladan. Mimi niko hapa Kariobangi tangu godauni hili likiwa la magodoro, kabla wanasayansi hawajalichukua na kujenga ndani vyumba vinane vya vioo, kila kimoja kama kabati lenye miguu. Ladan ana miezi mitatu. Ana cheti cha maabara, sawa. Lakini ni nani anayejua kila ufa wa sakafu hii? Phares Andati.

Daktari Nzilani, mkubwa wetu, alituita akatueleza kazi upya. Kila chumba kina udongo, nyasi, na hali yake ya hewa. Jua ni taa, mvua ni bomba, na hakuna kinachoingia bila kuandikwa. Chumba cha kwanza kinaishi Nairobi ya leo. Cha nne kimepewa joto na ukame ambao huenda wajukuu wetu wakaukuta. Anataka kujua vijidudu vya udongoni vitaishi vipi. Akasema kijiko kimoja cha udongo kina vijidudu vingi kuliko watu wote wa jiji hili, na kwamba vinapumua, na mashine inapima pumzi hiyo.

Udongo unapumua. Nimefagia udongo miaka ishirini na mmoja na hakuna aliyewahi kuniambia.

Jumanne, 4 Machi

Nilipangusa vioo polepole ili nitazame skrini. Mstari wa chumba cha kwanza unapanda na kushuka kama mtu aliyelala vizuri. Wa chumba cha nne umelala chini kabisa, kama mgonjwa. Nikauonea huruma.

Nikamuuliza Ladan, kama mtu asiyejali sana, udongo hupumua zaidi ukipewa nini. Akaniambia kila kitu, bila hata kushuku. Maji, joto, chakula. Sukari hasa. Chuoni walimwagia udongo maji ya sukari, na mstari ukapanda papo hapo. Nilimshukuru kwa ubaridi.

Mpango. Chumba cha nne kikizinduka siku ambayo mimi ndiye nakitazama, Daktari ataona nina kipaji. Kila chumba kina tangi dogo la mvua juu yake, na matangi hupanguswa na mimi. Chai nayo ipo: kwa kawaida Ladan na mimi hugawana chupa yangu, lakini sasa amefunga Ramadhani na fungu lake linabaki. Strungi, chai isiyo na maziwa, vijiko sita vya sukari. Mke wangu Adhiambo hapendi chai ya kubahatisha. Saa tatu na nusu fungu la Ladan likaingia tangini.

Saa nne mvua ya chumba cha nne ikanyesha, nusu kikombe kama kawaida. Saa tano mstari ukainua kichwa. Saa saba ulikuwa umeupita wa chumba cha kwanza. Sijawahi kuona kitu kikipanda hivyo kwa sababu yangu.

Daktari akaja mbio, miwani kwenye paji la uso. Nikamwambia nimekuwa nikikifuatilia kwa karibu. Akaniomba niyaandike hayo na kutia sahihi. Nikatia.

Jumatano, 5 Machi

Daktari amekagua mashine zote. Nzima. Sasa anafikiri vijidudu vimejifunza kuishi na ukame kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Amewaita wenzake wa chuo kikuu waje Ijumaa. Anatembea akitabasamu peke yake.

Ladan akaniambia Daktari amekingoja chumba cha nne miezi kumi na mmoja, na utafiti wake wote unakitegemea. Nikapangusa kioo kilichokuwa safi tayari. Lakini mstari ulikuwa umeanza kushuka, na ukiwa umelala Ijumaa nitakuwa tena mtu wa kitambaa. Nikaongeza. Ya maziwa safari hii, kwa kuwa ni wageni. Vijiko kumi.

Nilipopita nyumbani mchana kuichukua, Adhiambo aliniuliza kwa nini nabeba chupa ya pili. Nikasema ni mambo ya utafiti.

"Baba Clare, utafiti gani unakunywa chai?"

Nikamwambia sayansi haielezeki kwa haraka. Akafunga kifuniko akinitazama.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Mstari unaruka ruka. Na kuna harufu. Mimi sikuisikia, lakini pua ya mtu aliyefunga haikosei.

"Mzee Phares," Ladan akasema, "hapa kuna maziwa yaliyochacha."

Nikasema labda ni Opiyo, bawabu, na maziwa yake ya lala, yale ya mgando. Opiyo akaitwa. Akasema hajagusa maziwa tangu Krismasi kwa sababu yanamsumbua tumbo, na kwamba inamuuma kushukiwa na watu ambao amewafungulia geti miaka minne. Alilisema hilo akinitazama mimi, kwa kuwa ananiheshimu. Nikataka kumkaribisha chai. Ilikuwa imeisha, na haikuwa vizuri kueleza ilikoishia.

Kisha sisimizi. Msafara mzima, kutoka ukutani, kupitia mguu wa chumba cha nne, hadi tangini. Nikaufagia. Ukarudi. Ladan akaufuata kwa macho, akapanda ngazi, akafunua tangi, akafunika. Akashuka bila haraka.

"Mzee, mimi sitasema. Lakini kesho wageni wakiingia kabla wewe hujasema, atakayeaibika ni Daktari. Si wewe. Ni yeye."

Akaenda kunawa mikono. Angeweza kuichukua kazi palepale, kwa sentensi moja. Nimekaa nikiwaza kwa nini hakuichukua.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikuwa nimepanga hotuba. Nilimkuta Daktari amevaa gauni jipya la kitenge, akipanga viti. Nikaanza na enzi za magodoro. Akaniomba nifike kwenye jambo lenyewe.

"Ni chai, Daktari."

Hakuelewa. Nikaongeza kwamba ya pili ilikuwa ya maziwa.

Akaketi kwenye kiti cha mgeni. Akauliza mara ngapi, saa ngapi, sukari vijiko vingapi. Akaandika yote daftarini. Halafu akawapigia wageni, mmoja baada ya mwingine, mbele yangu, akisema kosa ni lake, alipaswa kuchunguza tangi kwanza. Ningependelea anifokee.

Alipomaliza akaniuliza kwa nini. Nikasema mstari ulikuwa umelala na nilitaka kuona kama unaweza kuamka. Haikuwa kweli yote. Lakini nilipoitamka niligundua ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa. Daktari akafunga daftari, akaniambia nikarudishe viti.

Nilimwomba Opiyo msamaha getini. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Jumatatu, 10 Machi

Ladan ndiye mwangalizi. Amepewa koti jeupe, linamkaa vizuri, na nimemwambia hivyo.

Mimi sikufukuzwa. Nimepewa barua ya onyo. Chumba cha nne kimeondolewa kwenye utafiti mkuu, lakini Daktari amesema kwa kuwa kimeshaharibika, basi tuone kitachukua siku ngapi kutulia. Kazi yangu, nikishamaliza kufagia, ni kuandika namba yake kila saa. Nisiguse kitu.

Nimeandika namba saba. Kati ya saa sita na saa saba pumzi ilishuka yenyewe huku nikitazama, taratibu, kama kuna mtu humo ndani ameshusha mzigo. Nikamweleza Ladan. Hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu, tukatazama pamoja hadi namba iliyofuata.

Chumba cha sita, kwa maoni yangu, hakiko sawa. Kimenyong'onyea tangu asubuhi. Nimeisoma tena barua ya onyo, mara tatu, kwa makini. Inakataza kumimina kinywaji cha aina yoyote katika tangi lolote.

Nimemuuliza Adhiambo, bila kumpa sababu. Naye anakubali kwamba uji ni chakula.