Magogo Yenye Namba Yangu

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mkutano wa mto, hapa Masukulu. Afisa mazingira kasema sisi wa juu na wenzetu wa delta, kule mto wetu Mbaka unakoingia Ziwa Nyasa, tupeane maarifa. Anatakiwa mtu mmoja wa kuongea nao kwa simu. Nikanyoosha mikono yote miwili! Wakamchagua Hezron. Hezron jirani yangu, anayelima mpaka ukingoni mwa mto! Eti ana watu wengi. Kweli, simu yake iliita mkutano mzima. Yangu mara ya mwisho iliita Krismasi, na ilikuwa kampuni ya simu.

Doreen, mke wangu, alikwenda Mbeya kulea mjukuu kwa mwezi mmoja tu. Mjukuu sasa anakimbia. Nimekula ndizi za jana. Chumvi nimesahau.

Jumanne, 11 Machi

Wazo! Limenijia nikikata migomba iliyokwisha kuzaa. Mto unakwenda delta kila siku, bure, bila kumwomba Hezron ruhusa. Nimechora namba yangu kwenye magogo kwa msumari, chini yake neno ELIMU. Utomvu wa mgomba ukikauka unakuwa mweusi, haufutiki. Mashati yangu ni shahidi. Nikayatumbukiza Mbaka, yakaenda vizuri.

Nimechaji simu kwa Hafidhi, fundi cherehani mwenye sola. Akauliza nani atanipigia. Nikamwambia delta nzima.

Jumatano, 12 Machi

Kimya. Labda simu mbovu? Nimeazima ya Hafidhi, nikajipigia. Yangu ikaita vizuri. Nikapokea, nikasema haloo. Upande wa pili nilikuwa mimi. Hafidhi akajifanya anatunga uzi kwenye sindano.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeongeza magogo. Yangu yote, na ya Hezron mawili matatu ya pale ukingoni. Si kumwibia. Kulima pale ni marufuku, nimemsaidia kutii sheria.

Ijumaa, 14 Machi

IMEITA! Mama mmoja, Sekela, wa kamati ya maafa kule delta. Akauliza, baba, wewe ndiye mwenye magogo? Nikasema ndiye, karibu elimu.

Elimu nikaipata mimi. Kumbe kule kwao gogo la mgomba mtoni ni habari. Likija moja, wanachungulia. Yakija kundi, maana yake kingo zimebomoka huku juu na mafuriko yako njiani. Walipoona yangu wakagonga kengele ya kanisa. Wakabeba wazee, mbuzi, na kakao waliyokuwa wameianika, wakahamia shuleni kwenye mwinuko. Wakangoja maji huku jua linawaka. Kakao imeota ukungu ndani ya magunia. Akauliza: siku yakija magogo ya kweli, nani atahama?

Nilimwambia ndaga fijo, asante sana, kana kwamba amenipongeza. Nikaulizia mpunga. Nikaulizia wajukuu wake, wote, mmoja mmoja. Alijibu! Mwisho akauliza kama nyumbani nipo na mtu. Nikasema mke wangu yupo jikoni anapika. Niliona aibu kusema kweli. Salio lake likaisha. Nikabaki na simu sikioni, nikitazama jikoni.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada Hezron kaja na ujumbe aliopewa kwa simu na watu wa delta. Kuanzia leo, ni marufuku kutupa mgomba mtoni, uwe gogo, uwe jani. Akaniapisha mbele ya wazee wa kanisa. Akauliza mara mbili kama nimeelewa. Nimeelewa kabisa. Watu wanaweza kufa. Mgomba mtoni, kamwe!

Namba ya Mama Sekela ninayo. Lakini kupiga, mtu yeyote anaweza. Mimi nataka kupigiwa.

Mchana nimejaza maji kwenye ndoo, nikatia maparachichi. Moja limezama. Mengine yanaelea vizuri kabisa, na ganda lake linachoreka kwa msumari. Hakuna aliyekataza maparachichi. Simu ipo kwa Hafidhi, inachaji. Safari hii siandiki ELIMU. Naandika SALAMU.