Mheshimiwa Yuko Wapi?

Jumamosi, 4 Mei

Ameingia! Chatu wangu mwenyewe. Mrefu kunizidi mimi na mke wangu tukilala kwa kufuatana. Mzee aliyekuwa akimfuga amehamia kwa bintiye, na binti kamwambia achague, yeye au nyoka. Mzee alichelewa kujibu. Namwelewa.

Nimempa jina Mheshimiwa, maana anakula mara mojamoja, akishakula analala, na ukimwuliza neno hajibu. Kizimba nimekijenga sebuleni, ukuta mzima. Mimi ni fundi vioo, kazi hiyo hainishindi. Ila ndani sitaki magazeti na beseni la maji kama kwa watu wasio na malengo. Nataka msitu! Udongo halisi, gogo, maji yanayochirizika, majani mpaka juu.

Mke wangu ni mshonaji, na cherehani yake iko sebuleni humohumo. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Aliweka mkasi chini, akasema ana sharti moja tu.

"Kila nikiinua macho nimwone alipo. Siku nisipomwona, na mimi usinitafute."

Rahisi! Nyoka mkubwa hivyo atajificha wapi?

Jumapili, 5 Mei

Nimepanda kutwa nzima. Migomba michanga, mimea ya kutambaa, nyasi ndefu za mtaroni. Mgongo hauna hali. Shemeji alikuja kunifungia yale maji ya kuchirizika. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi bomba, na tangu siku ya harusi amenivalia njuga. Kasema nimepanda kama mtu anayeficha kitu. Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana. Akaondoka amenuna, akasahau mpira wake wa maji uani. Hata kazi yake haimalizi vizuri.

Jumanne, 7 Mei

Balaa! Mheshimiwa kaingia majanini na hajatoka. Nimechungulia, nimegonga kioo, nimemwimbia. Kimya. Msitu wangu umekuwa msitu kweli.

Mke wangu akauliza yuko wapi. Nikamwonyesha jani. Akauliza lipi. Nikasema lile lililo nyuma ya lile. Akaenda chumbani, akarudi na sanduku la nguo, akaliweka wazi kando ya cherehani. Hakutia kitu ndani. Akaendelea kushona sketi ya mteja kama vile sanduku ni stuli. Nimeshindwa kula.

Nimekaa uani, kichwa mikononi. Macho yakaangukia mpira wa shemeji. Mnene, mrefu, umejikunja vizuri. Wazo!

Jumatano, 8 Mei

Nimeupaka rangi ya udongo, mabaka meusi, na manjano iliyobaki kwenye kopo la kibao cha duka. Kichwa nimekichonga kwa sandali kuukuu, macho ni vifungo vya koti. Nikauzungusha juu ya gogo, mbele kabisa. Kazi ya mikono yangu mwenyewe, lakini nilipoinua macho nilishtuka.

Mke wangu alitazama, akashusha pumzi, akarudisha sanduku juu ya kabati. Kasema kumbe nyoka si mbaya, ana utulivu wake. Furaha niliyokuwa nayo! Chai ya jioni nilikunywa kama bwana harusi. Hakuna aliyeumia, kila mtu anaona anachotaka kuona.

Ijumaa, 10 Mei

Mambo yamepinduka. Mke wangu sasa anausalimia mpira. Asubuhi kasema kwamba kati ya wanaume wa nyumba hii, huyu peke yake ndiye anayekaa pale alipoachwa.

Mchana, yeye anakunja pindo la suruali, Mheshimiwa wa kweli akaibuka. Taratibu akapanda gogo, akajilaza ubavuni mwa mpira, akauegemezea kichwa. Wawili!

Mke wangu akaniita. Ningeweza kusema kweli. Nilifungua kinywa kwa nia hiyohiyo. Nikajisikia nikieleza kwamba mzee alinipa wawili, ila mmoja ana haya.

Akasema sawa, lakini kuanzia sasa lazima awaone wote wawili. Nimejikaanga kwa mafuta yangu.

Jumamosi, 11 Mei

Mheshimiwa karudi majanini. Wala mke wangu hakumuulizia! Kilichomhangaisha ni mpira. Hali chakula, hasogei, macho yake hayana uhai. Kumbe anaumwa! Akamwita kaka yake aje atuletee daktari wa mifugo. Nikasema nyoka hawa hupumzika sana. Hakunisikiliza.

Shemeji kafika, kachuchumaa, pua kwenye kioo. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniua:

"Shemeji, huyu mgonjwa ana kiraka cha tyubu ya baiskeli. Nilimbandika mimi."

Sanduku likashuka. Safari hii nguo ziliingia. Shemeji, kwa furaha isiyofichika, akaanza kufungua cherehani kutoka kwenye meza yake. Hapo niliogopa hasa. Nyumba isiyo na sauti ya ile cherehani si nyumba, ni stoo yenye kitanda. Nikamsihi mke wangu, nikamshika mikono. Akasema Jumatatu jioni atarudi kutoka kwa kaka yake kuangalia. Akimkuta nyoka, anageukia mlangoni. Nikaapa.

Jumatatu, 13 Mei

Nyoka nimempeleka mbali! Yaani, nimepeleka gunia. Nimelijaza udongo na vitambaa, nikapita nalo mbele ya shemeji, aliyekuja kushuhudia, nikiyumba na kuhema. Mwenyewe alinifungulia geti kwa ncha ya fagio. Nikalimwaga nyuma ya karakana yangu, nikarudi na uso wa msiba. Ubaya uko wapi? Aliye majanini haonekani, na asiyeonekana hasumbui mtu. Huu si uongo, ni upandaji mzuri.

Mke wangu amerudi! Cherehani iko mahali pake. Nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni. Kasema kizimba kibaki, majani yamempendeza, atayatunza mwenyewe. Sasa hivi ninapoandika ameingiza mkono mpaka begani, anang'oa makavu, anaimba polepole. Amenigeukia akitabasamu.

"Sasa nyumba ni yetu wawili tu, mume wangu."

Nampenda mwanamke huyu, sina la kuongeza.

Nyuma ya kiwiko chake jani kubwa limetikisika. Ameliona. Ameuliza nini kile. Nimesema upepo. Ameuliza upepo gani ndani ya kioo. Nimemwambia nimefunga feni kule nyuma, kwa afya ya mimea. Amefurahi, amesema nimeanza kuwa mtu mwenye akili.

Kesho asubuhi nitafute feni.