Baba Lazima Aone

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya Iringa haina adabu. Vidole vimekufa ganzi. Lakini lazima niandike, maana leo nimepata mpango!

Madam Veneranda, mwalimu wetu wa sanaa, ametangaza maonyesho mwanzoni mwa Agosti. Kila mmoja atengeneze kitu cha udongo, kitu cha waya, na kitu cha milulu, yale majani wanayosukia vikapu huku. Wazazi wataalikwa. Nikanyoosha mkono kabla sijafikiri, nikasema baba yangu atatoka Mbeya kuja kuona. Darasa zima likageuka. Kisha likageuka tena mbele.

Si haba. Tangu nihamie hapa, swali pekee nililoulizwa na wenzangu ni kama nina rula.

Mama aliolewa tena, yuko Songea. Baba ni dereva wa lori, hakai. Nyumba yetu ya Ilomba, kule Mbeya, ina kufuli. Mimi nimewekwa kwa shangazi Mwantumu kama mzigo unaosubiri kuchukuliwa. Jioni nikampigia Baba kwa simu ya Shangazi. Akasema tutaona. Tutaona! Hiyo ni karibu sawa na ndiyo.

Shangazi akasema kaka yake akisema tutaona, ujue ameshaona. Wivu tu.

Alhamisi, 17 Julai

Udongo. Wenzangu wamefinyanga vyungu. Kalinga, yule anayechekesha darasa zima bila hata kujitahidi, naye chungu. Mimi nimefinyanga kichwa cha Madam Veneranda. Mwalimu gani atathubutu kuipa sura yake mwenyewe alama mbaya?

Tatizo: kwa baridi hii udongo haukauki. Jana nikakibeba kichwa hadi nyumbani, nikakiweka juu ya mkaa, pembeni ya sufuria ya maharage.

Kikalipuka! Shangazi akajitupa chini ya meza akisoma shahada. Maharage yote yakajaa vigae. Tumelala na chai.

Pua pekee ndiyo ilipona. Leo nimeipeleka shuleni, nikaeleza kwamba ni sanaa ya kisasa. Madam akaigeuzageuza, akauliza ni kiazi cha aina gani. Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka. Kwa kitambo kidogo ilikuwa kama tunacheka pamoja. Kengele ikalia, wakatoka makundi makundi. Nikabaki na pua.

Jumanne, 22 Julai

Waya. Nimetengeneza lori la Baba, na mabomba ya moshi na kila kitu. Waya nimeutoa uani, ule wa kuanikia nguo. Nilifikiri nguo zitakaa tu juu ya ua. Zilikaa matopeni, pamoja na kitenge cha mteja, maana Shangazi hufulia watu. Sitaandika aliyoyasema. Yalikuwa mengi, na mengine yalimhusu Baba.

Kalinga katengeneza ng'ombe. Ukivuta mkia, kichwa kinaitikia. Ujanja wa kitoto! Akaniletea koleo lake, eti nisikunje waya kwa meno. Nikakataa. Anajua nitajikata tu. Nikakunja kwa meno. Jino moja sasa linacheza.

Esta, anayekaa dawati la jirani, akalitazama lori langu kwa muda mrefu, akasema ni kitanda kizuri. Alisema kwa upole kabisa. Hapo ndipo paliponiuma.

Kisha, jambo la ajabu. Akasema mama yake husuka vikapu, kwao ni njia ya Tosamaganga, na Jumamosi niende nikafundishwe. Mimi! Kwa nini mimi? Hakuna anayemwalika mtu bure. Anataka kujua mipango yangu. Nimekubali, ili nijue ya kwao.

Jumamosi, 26 Julai

Nimefika. Mama Esta akanisalimu, "Kamwene!" Nikajibu marahaba. Walicheka hadi mama akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Hakuna aliyenieleza kuwa ndivyo wanavyosalimiana Wahehe.

Chakula: ugali na kuku. Nikasita. Mama Esta akaniona, akasema, "Kula, mwanangu. Huyo kachinjwa na jirani yetu Mwislamu. Esta alimpeleka mwenyewe alfajiri."

Kuku mzima, kwa ajili yangu. Rushwa ya wazi! Nimekula mapaja yote mawili nisionekane nimeshtuka.

Baadaye tukakaa juani kusuka. Akasema kazi yote iko kwenye kitako: kikikaa vibaya, kikapu kizima kitayumba. Nilikuwa nafuatilia vizuri. Kisha Esta akamwegemea mama yake begani, hivi hivi tu, bila sababu, na yule mama akaendelea kusuka kana kwamba si kitu. Nikapotea. Sikujua tena jani lipi linapita wapi. Nikafumua mstari mzima. Milulu ile ilikuwa mibovu.

Wakati wa kuaga Mama Esta akanipa kikapu kilichokamilika, zawadi kwa Shangazi. Esta akanisindikiza hadi barabarani, akauliza kama wiki ijayo nitakuja. Nikasema nina shughuli nyingi.

Sina shughuli yoyote.

Ila njiani mpango ulinijia. Kwa nini nihangaike kusuka, na kikapu kilichosukwa ninacho mkononi?

Jumatano, 30 Julai

Nimekipaka kikapu rangi ya bluu, iliyobaki ya geti. Hata aliyekisuka hatakitambua. Shangazi hajui kama ana zawadi.

Na habari kubwa: Baba amepiga! Ana mzigo wa kwenda Dar. Atapita Iringa Jumamosi. Jumamosi yenyewe ya maonyesho! Nimeuzunguka uwanja nikikimbia hadi mbwa wa jirani akachoka kubweka. Nimelitangazia darasa zima. Kalinga akauliza lori lake ni aina gani. Kaniuliza! Nikamjibu kwa ufupi ili asinizoee.

Shangazi hakushangilia. Aliendelea kukunja vitenge. Kisha akasema taratibu, "Junaid, mwanangu, usimwekee kiti kwanza."

Jumamosi, 2 Agosti

Nilimwekea kiti. Mstari wa mbele. Nikakitandikia sweta langu kisichukuliwe, nikatetemeka asubuhi nzima.

Wazazi wakaja. Kikapu changu cha bluu kiling'aa mezani kuliko kazi zote. Kila lori lililonguruma nilitoka nje. Mara zote lilikuwa la taka.

Kabla ya adhuhuri simu ya Shangazi ikaita. Baba. Nikamwelekeza njia ya kupanda hadi shuleni, kona kwa kona. Akaniacha nimalize. Kisha akasema yuko Ilula, ananunua nyanya.

Ilula ni mbele, njia ya Dar. Ilula umeshaipita Iringa. Alipita pale Ipogolo chini, mji wote uko juu yake, na hakupanda. Akasema bosi anamsukuma. Akasema safari nyingine, tutaona. Nyuma yake mama mmoja alikuwa akimwita, "Mteja wangu, njoo uzione hizi." Nikasema sawa Baba. Akasema nyanya ni nzuri sana mwaka huu.

Shangazi akaninyang'anya simu, akaenda nayo nyuma ya darasa. Nilimsikia hata hivyo. "Muharami! Kimlima hiki ndicho kilichokushinda?"

Niliporudi Mama Esta alikuwa amesimama karibu na kiti. Akauliza kama kina mtu. Nikasema hakina. Akanipa sweta langu, akakaa. Akakichukua kikapu cha bluu, akakipakata, akakigeuza kitako. Vidole vyake vikasimama.

Na rangi, kwa baridi hii, haikuwa imekauka. Viganja bluu. Kitenge bluu.

Madam Veneranda akafika, akauliza nani kasuka kazi safi namna hii. Nikasema mimi. Mama Esta akanitazama, akatazama viganja vyake.

"Kusuka ni kwangu, Mwalimu. Rangi ndiyo ya kwake."

Watu walicheka hadi wazazi wa nyuma wakasimama waone. Shangazi naye aliona. Nilitamani udongo wote wa Iringa unifukie. Lakini Mama Esta hakuondoka kwenye kile kiti. Alikaa hapo hadi mwisho, mikono kaielekeza juu isichafue zaidi. Ilipotajwa kazi yangu ya waya, alipiga makofi. Alisema ni lori.

Kalinga kashinda, kapata alama za juu. Esta hakuniambia neno hadi watu walipoanza kuondoka. Kisha akaja, kanuna, akasema, "Ungesema tu hujaelewa kitako. Kesho tunakuja kwenu, mimi na Kalinga. Tutaanza upya."

Jumapili, 3 Agosti

Wamekuja kweli! Nilimwambia Shangazi aseme sipo. Akasema yeye hasemi uongo kwa ajili ya mtu, akaniita kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nilikuwa nimeshajibana nyuma ya tangi la maji.

Hawakuondoka. Walikaa barazani wakasuka na Shangazi. Kalinga akasema kitu, wakacheka wote watatu. Kisha Kalinga akauliza tena kama kweli sipo. Miguu ilikufa ganzi, lakini sikutoka. Walitaka nini kwangu? Nimefikiri sana na sijapata jibu, maana yake ni njama kubwa.

Hatimaye wakaenda. Nimewashinda. Waliacha fungu la milulu mlangoni. Sijaligusa.

Nimekaa nikatafakari kazi zangu zote za muhula huu, na kosa nimelipata. Wala si uongo, kama anavyodai Shangazi. Ni ukubwa! Kichwa, lori, kikapu, vyote vidogo. Mtu aliye barabarani atavionaje?

Baba anarudi kutoka Dar Jumanne, na lazima apite Ipogolo. Jirani anajenga choo, mfuko wake wa saruji uko wazi. Nitamjenga simba, ukubwa wa ng'ombe, nimketishe kando ya lami. Kumbeba kunahitaji watu watatu. Nitambeba peke yangu.

Baba akimwona simba amekaa pale, lazima akanyage breki.