Nungunungu Asirudi Mara ya Sita

Kivaa, Masinga
Jumatatu, baada ya chai ya saa nne

Kwa Rodgers wa duka la filamu, soko la Matuu, na kwa wakubwa wako wa ng'ambo wanaochora katuni, uwafikishie.

Rodgers,

Natumai goti la mama yako linaendelea vizuri. Mimi ni Kalondu, susu yake Mutindi, yule mjukuu wangu wa miaka minane ambaye kila likizo unamjazia katuni kwa flashi. Niliacha shule darasa la tatu, lakini kuandika najua, na hasira yangu haikuhitaji darasa la nne. Naandika pia kwa sababu nangoja simu. Mwongeli, mke wa mwanangu Festus, amepelekwa hospitali kujifungua mtoto wao wa kwanza, na mikono yangu inataka kazi.

Jumamosi nilikuja dukani kulalamika, ukanijibu ati ndivyo zinavyotoka, wewe unaziweka tu. Sawa. Basi hao wanaozitoa wasomewe haya, polepole, na wavue kofia.

1. Nungunungu wenu anayeendesha treni. Sehemu ya kwanza nilimpenda, siwezi kudanganya. Mama yake alipotea, akamtafuta, akampata, tukalala vizuri. Sehemu ya pili mama amepotea tena. Ya tatu, tena. Mama gani huyu? Nimelea watoto saba hapa Kivaa na nimepotea mara moja tu, siku ya mnada, na saa kumi na mbili nilikuwa nimerudi na kuku. Sehemu ya nne akatokea baba. Ya tano, ndugu pacha ambaye hakuna mtu aliwahi kumtaja. Sasa nasikia Disemba inakuja ya sita. Nimemuuliza Mutindi nani amebaki wa kupotea. Anasema labda treni.

2. Mzee kobe, jina lake Bartholomew. Sehemu ya tatu alikufa kwa daraja akiokoa watoto. Mutindi alilia, mimi nikalia, nikazima televisheni tukasali. Ilikuwa Novemba, mwezi wa marehemu, kwa hivyo nikapeleka jina lake kanisani pamoja na majina ya watu wetu. Katekista alilisoma vizuri sana, marehemu Bartholomew, katikati ya mume wangu Makau na shemeji yangu Ngui, na kanisa lote likaitikia. Aprili tukaweka sehemu ya nne, na nani yuko jikoni anakaanga viazi? Bartholomew. Hata hakueleza alikuwa wapi. Wakubwa wako waniambie nitamwambia katekista nini. Hapa kwetu mtu akizikwa amezikwa. Hatumwombei Novemba halafu Aprili tunamkuta na sufuria.

3. Yule mbweha mwovu. Sehemu zote tano ameanguka kutoka juu ya mlima, na sehemu zote tano hatujaonyeshwa mwili. Juzi nimeua nyoka kwa ghala, nyoka mkubwa, kwa jembe, na huyu mtoto ananiambia nisifurahi sana, atarudi. Hiyo ndiyo elimu mnayompa.

4. Umri wangu. Niko na miaka sabini na nane. Kila filamu yenu inaishia mahali mlango unagongwa, nungunungu anafungua, anashtuka, halafu majina ya watu yanaanza kupanda. Watoto wako na muda wa kungoja miaka mitatu wajue nani alikuwa mlangoni. Mimi je? Nikifika mbinguni niko na maswali ya maana ya kuuliza, ya ukame na ya mume wangu. Sitaki kuanza na la nungunungu.

5. Orodha ya Disemba. Mutindi ameiandika kwa chaki nyuma ya mlango: filamu tano. Nne ziko na namba. Moja tu haina, ya mamba anayeogopa maji. Hiyo tunaingoja kama mvua. Mtoto amechora mamba kwa daftari la hesabu mpaka hesabu zimekosa mahali, na mimi nimetenga njugu za siku hiyo. Naomba kwa heshima ianze, iende, iishe. Mamba aingie majini au akatae, lakini aamue. Na akishaamua asirudi.

6. Nchi yenyewe. Haya mambo ya kurudia yanaambukiza. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama ametoa hotuba moja tangu mwaka juzi, anabadilisha kitambaa cha kichwa tu. Wanasiasa wanakuja na ahadi ya kisima, sehemu ya nne, na kisima chenyewe, kama yule mbweha, mwili haujaonekana. Mlianza nyinyi na nungunungu. Kwa hivyo nataka iwe sheria, kwenu na kwetu: kila kinachozaliwa kizaliwe kipya, kipewe jina lake jipya ambalo halijabebwa na mwingine. Anayeshindwa kufikiria jina jipya aweke kalamu chini aje alime. Majembe ninayo mawili.

Nisalimie mama yako, na fundi wa redio hapo karibu, na yule binti wa maembe aliyenipa kiti. Wakubwa wako wasalimie pia, lakini kidogo.

Ni mimi, bila kuomba msamaha,
Kalondu wa Makau

Nyongeza: Sikuwa nimefunga bahasha. Simu imepigwa. Ni msichana, mzima, na mama yake mzima. Kwa furaha Mutindi akawasomea barua hii yote kabla sijamnyang'anya simu. Mwongeli akasema nimemfungua macho: walikuwa wampe mtoto jina langu, lakini sasa watamtafutia jipya kabisa, ambalo halijabebwa na mwingine.

Rodgers, futa namba sita. Futa na ile sheria. Mimi niliitwa Kalondu kwa sababu ya mama yake baba yangu, aliyekufa kabla sijazaliwa, na yeye aliitwa hivyo kwa sababu ya mwingine. Baba yangu, mzee wa ndevu, aliniita mwaitu, yaani mama yangu, tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni mpaka siku aliyofunga macho. Huyu wa leo ni Kalondu wa nne, na nimemwambia Festus aanze kumwita mwaitu sasa hivi, hapo kwa simu, nikisikia. Ameita. Nimesikia.

Bartholomew mwache akaange viazi. Na nungunungu wa sita uniwekee kwa flashi mapema, na wa saba akija umweke pia. Kama mimi sitakuwepo kuona nani alikuwa mlangoni, Kalondu ataona.