Vita vya Ndoo Mbili Vichakani Kanombe

Tueni mizigo yenu, enyi wapita njia, mnitegee masikio! Nawasimulia jambo ambalo hakuna aliyeniomba kulisimulia: jinsi mimi Mutsinzi, msaidizi wa maabara ya udongo, msugua chupa mashuhuri, mbeba ndoo nisiye na mpinzani, nilivyopambana na mbuzi mmoja mchana kutwa, Agosti ya mwaka 1991, nikashinda kidogo.

Bosi wangu, Madamu Pudentienne, alikuwa na swali. Udongo hupumua kama sisi, ukitoa hewa ya kaboni. Je, naitrojeni ya moshi wa magari na ya mbolea ipeperushwayo na upepo, ikiangukia ardhi kavu ya vichaka, huufanya upumue zaidi? Basi kwenye mteremko mmoja wa Kanombe tulipima viwanja viwili, kila kimoja upana wa mkeka. Kimoja tukakinyunyizia mbolea ya naitrojeni, cha pili tukakiacha safi. Juu ya kila kimoja nilifunika ndoo, na ndani ya ndoo kikombe cha maji ya magadi makali, yanayonasa pumzi ya udongo.

Jumatatu akatokea adui: beberu mwekundu wa Mzee Gasana, mwenye ndevu za hakimu. Alipindua ndoo ya kiwanja safi, akasimama pale pale, akakojoa bila haraka. Na mkojo wa mbuzi, enyi wasikilizaji, umejaa naitrojeni! Kiwanja safi hakikuwa safi tena. Mimi, ngome ya elimu, nilikuwa hatua kumi tu, nikimenya ndizi.

"Mutsinzi," alisema Madamu, sauti ikiwa ya chini kuliko kawaida, "kimebaki kiwanja cha akiba kimoja tu. Mvua ikianza, kipimo cha kiangazi kimekwisha, na mradi unafungwa. Nimeuombea mradi huu fedha kwa miaka mitatu."

Niliona aibu kweli.

Asubuhi ya Jumanne, baada ya kufunika ndoo zangu, moja kwenye kiwanja cha mbolea na moja kwenye kile cha akiba, ambacho sasa ndicho safi, nilisimama mbele ya Mzee Gasana nikiwa na koti jeupe, nikahutubu: "Ewe bwana wa malisho, mwenye beberu asiyetishika! Kwa heshima ya elimu na ya vizazi vijavyo, nakusihi umfunge huyu shujaa wako hadi jua lipinde!"

"Yewe! Wewe iko nasema nini?" akauliza mzee. "Mbuzi yangu iko nakula hapa tangu zamani, mbele ya ndoo zako kuja. Na leo mimi naenda Kibagabaga, dada yangu iko mgonjwa. Kama unaogopa, shika kamba."

Akaniwekea kamba mkononi, akaenda zake.

Hivyo mwanasayansi akageuka mchungaji. Beberu alivuta kuelekea ndoo. Nami nikavuta kuelekea heshima yangu. Wake wa askari wa kambi ya jirani, waliokuwa wakipita, waliniita daktari wa mbuzi, wakacheka hadi kona ya barabara. Saa nane nilijikwaa kwenye mzizi, nikaburutwa kifudifudi, kwato za beberu zikasimama shubiri moja kutoka ndoo ya kiwanja cha akiba. Hapo nilivua koti langu, fahari yangu pekee, nikamtupia. Alilinusa, akaanza kula mkono wa kushoto wa koti. Alilitafuna hadi saa kumi, kwa utulivu wa mtu aliyealikwa, na ndoo hazikuguswa.

Maabarani nilidondosha asidi tone kwa tone katika kila kikombe, nikingoja rangi ya waridi niliyoitia humo ipotee. Magadi yaliyonasa pumzi nyingi huhitaji asidi kidogo. Kikombe cha kiwanja safi kilinidai asidi na kunidai. Kile cha kiwanja cha mbolea kilipauka mapema, matone kumi na tisa kabla ya mwenzake.

Madamu alihesabu upya mwenyewe. "Kwa hiyo udongo wenye mbolea unapumua zaidi," alisema polepole. "Hakuna mvua, vichaka havikui, havirudishi kitu ardhini. Kaboni inatoka tu." Kisha akanitazama, shati limechanika, magoti yana damu. "Kipimo kimoja hakithibitishi kitu, Mutsinzi. Kesho rudia." Lakini alinipa mkono, akaushika wangu kwa muda mrefu.

Andikeni basi, enyi waandishi wa tarehe za mataifa! Wengine waliteka miji, wakajengewa minara. Siku ile ardhi kavu ya Kanombe ilishusha pumzi, na mtu mmoja mwenye shati lililochanika aliihesabu: matone kumi na tisa!