Kompyuta Imeungana na Mke Wangu Kuhusu Maji ya Kuzimia Panga

Kitangari, Newala
9 Juni 1999

Ndugu Meneja wa Mradi wa Zana,

Nakusalimu wewe, ofisi yako, na hata hiyo kompyuta, ingawa nimegombana nayo.

Mimi ni fundi wa kufua mapanga kwa springi za malori mabovu, kazi niliyojifundisha mwenyewe. Tangu soko huria lituletee mapanga ya ng'ambo kwa meli, mnunuzi wangu mkubwa amebaki Sultani, mwenye mashamba kule Nanganga, peke yake. Mwezi uliopita alinirudishia kumi na matatu kati ya arobaini, eti yanabembeleza majani. Akipata mengine laini, anahamia ya dukani. Ndipo mtaalamu wenu, Ndugu Gervas, akaja na kompyuta kunisaidia. Malalamiko ni haya:

1. Kompyuta iliwasha moto bila mkaa na kuzima panga la moto bila maji, yote kwenye kioo, kwa dakika nne. Nilipoulizwa moto wangu una digrii ngapi, nilijibu kwa ukweli: rangi ya bibo lililoiva. Ndugu Gervas akauliza, jekundu au la njano? Swali ni zuri, lakini liliulizwa mbele ya watu.

2. Ikasema nusu debe ya maji, ambayo ndiyo hujaza mtungi wangu, inazima mapanga sita tu. Kuanzia la saba maji yamepata moto, chuma hakikomai, kinabaki laini. Mapanga arobaini, basi, yanataka debe tatu na nusu. Kisima kiko bondeni, kwenda na kurudi saa tatu. Safari nne ni saa kumi na mbili. Kompyuta haijajitolea kubeba hata kikombe.

3. Hili ndilo zito. Jibu hilo hilo mke wangu, Mama Ziada, amenipa miaka kumi na mmoja. Hupita na kuniuliza, "Baba Ziada, hapo unazima panga au unalipika?" Nami humjibu chuma si mambo yake. Sasa kioo kimemuunga mkono, na majirani wamemsikia akicheka. Mimi hapa ni mkwe tu. Nyumba ya kwao, shamba la kwao. Leo hata chuma kimekuwa cha kwao!

4. Kwa hiyo, ama mke wangu ni kompyuta, na mlipaswa kuja kwake kwanza, ama kompyuta ni ndugu yake, na ushahidi wa ndugu haufai. Naomba ihesabu upya mpaka itoe jibu tofauti na la Mama Ziada, hata kwa panga moja.

Nisalimie Ndugu Gervas, dereva, na mama anayewapikia chai.

Wako mwenye uchungu na heshima,
Nikolao, Baba Ziada

Baada ya sahihi: Barua imekaa wiki mbili ikingoja gari. Hapo katikati Mama Ziada ameniwekea mtungi wa pili: mmoja ukipata moto naupumzisha, nahamia mwingine. Mapanga arobaini, debe moja. Sultani hajarudisha hata moja, ameagiza sitini. Futeni malalamiko yote, hesabu ibaki ilivyo. Ila kwenye ripoti andikeni mtungi wa pili ni wangu. Kwani kweli, niliununua mimi.